Beseni la Kutazamia Kuhe

Niliondoka Ujiji asubuhi moja kwa sababu mvua ilikuwa imekatika. Sababu nyingine sina. Nilikuwa nimekaa pale miezi mitano nikifanya kazi kwa fundi wa madirisha ya aluminiamu, mwanamke peke yangu kati ya wanaume wanne, na kazi yenyewe niliipenda: kukata kioo, kukisikia kikilia kidogo kabla hakijaachana, kukipachika kwenye fremu na kulainisha silikoni kwa kidole kilicholowa maji ya sabuni. Lakini nilikuwa nimeshaijua. Mimi kitu nikishakijua, miguu inaanza kuniwasha. Shule niliiacha darasa la sita kwa ugonjwa huohuo, na mama yangu hajaacha kuuita ugonjwa mpaka leo.

Begi langu lilikuwa jepesi: nguo, kisu, chapati mbili, na bomba la silikoni lililobaki nusu pamoja na bunduki yake ya kusukumia. Fundi alinipa hivyo vitu viwili vya mwisho akisema kwamba huko niendako hakukosi dirisha. Nilitembea kwa miguu hadi Kigoma mjini, nikasimama karibu na stesheni ya reli nikatafuna chapati ya kwanza. Siku ile haikuwa ya treni. Gari la Kasulu lilikuwa linaita abiria, kondakta akanipigia kelele, "Kidahwe, dada, Kidahwe nafasi ipo!" lakini Kidahwe nilishafyatua matofali msimu mzima. Simbo nilishakamua mawese. Kaskazini kwa njia ya maji ndiko sikuwahi kufika. Chapati ya pili niliila nikielekea mwalo wa Kibirizi, ambako boti za vijiji vya kaskazini hupakia.

Boti niliyoikuta ilikuwa imejaa magunia ya unga, makreti ya soda, mabati, na matenga matupu ya samaki. Kabla sijauliza inakwenda wapi nikasikia ugomvi.

"Mama, hilo beseni litakaa chini ya magunia."

"Likae chini ya magunia kwani lina viazi? Hili ni jicho."

"Jicho la nani?" mpakizi akauliza, akiwa amesimama ndani ya maji yanayomfika mapajani.

"La kijiji. Ukilivunja utakuja kujieleza mwenyewe mkutanoni saa kumi."

"Nijieleze nini, jicho lenyewe la plastiki!"

Abiria wakacheka. Mwenye beseni hakucheka. Alikuwa mama wa miaka hamsini hivi, mfupi, amejifunga kitenge juu ya sweta, viganja vimekakamaa kwa kazi ya kuanika dagaa. Alilikumbatia lile beseni la bluu, na nikaona kitu ambacho kiliimaliza safari yangu yote ya kuchagua pa kwenda. Kitako cha beseni kilikuwa kimekatwa duara, na juu ya tundu hilo kimewekwa kipande cha kioo cha dirisha. Nikapanda. Nauli nikalipa nikiwa nimeshakaa karibu naye.

Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, kisha akapiga viganja taratibu mara mbili tatu jinsi Waha wanavyosalimiana, akaongeza, "Mwakeye?" Nikapiga vyangu, nikajibu kwa Kiha changu cha kuokoteza, na baada ya hapo sikuweza kuvumilia.

"Hicho kioo umekibandika na nini, mama?"

"Lami. Nimeokota ile iliyobaki kwenye matengenezo ya barabara, nikaipasha moto."

"Kinavuja?"

Akanitazama kana kwamba nimemtukania ndugu. Boti iliondoka, injini ikashika, na tulipopita boti kubwa zilizotia nanga ndipo akajibu. "Kinavuja. Nimekijaribu leo asubuhi. Maji yamejaa kabla sijamaliza kusema bismillahi, na mimi ni Mkristo."

Hapo akanisimulia, na kwa kuwa niliuliza maswali mengi, alisimulia vizuri.

Kijiji chake kiko mbele ya Mwamgongo. Jina lake naliacha. Kando ya kijiji kuna ghuba ndogo yenye mawe na mchanga, maji maangavu. Alipokuwa msichana akioga hapo aliwahi kumwona kuhe, samaki mkubwa wa manjano, akiwa na wingu la watoto chini yake, na yule samaki alimfukuza mpaka nje ya maji. Kuhe akizaa, baba na mama hukaa na watoto wao wiki kwa wiki, hawaondoki. Ndiyo maana ni rahisi kuwamaliza: ukishajua walipo, hawakimbii. Na walimalizwa. Miaka ikapita ghuba ile haina kitu zaidi ya vidagaa vya kuchezea watoto, na wavuvi wa nyavu za kutega wakawa wanakwenda mbali, kwenye maji ya watu wengine.

Mama huyu ndiye aliyesimama mkutanoni akasema ghuba ipumzishwe. Walimkubalia, na hapo likafanyika kosa ambalo alinisimulia huku akijipiga paja.

Huku ziwani mwezi wa kalenda hauna maana kubwa. Kuna giza, na kuna mbalamwezi. Wakati wa giza wavuvi wa dagaa wanatoka na taa zao, na hicho ndicho kinachoitwa kuvua. Mbalamwezi ikiwaka dagaa hawaifuati taa, basi watu hukaa nchi kavu, wanashona nyavu, wanaoa, wanagombana. Kwa hiyo kijiji kilipoamua kufunga uvuvi kwenye ghuba, waliandika kwamba ifungwe wakati wa giza, wakati wa kazi. Mbalamwezi haikuandikwa. Nani anavua mbalamwezi?

"Wote," mama akasema. "Wakati wa giza ghuba haina mtu hata bila sheria, kila mtu yuko kwenye maji marefu na taa yake. Mbalamwezi ndipo wanaume wanakaa nyumbani hawana la kufanya, wanashuka na nyavu pale ghubani, chini ya jikoni. Na wanawake na vyandarua. Mwaka mzima tulilinda ghuba siku ambazo hakuna anayeitaka. Na mimi niliinua mkono! Niliinua huu hapa!"

Akanionyesha mkono wenyewe.

Waligundua, wakafunga upya: giza na mbalamwezi, bila kuacha siku, kwa muda wa majaribio. Muda huo ulikuwa unaisha siku ileile tuliyokuwa tunasafiri. Saa kumi jioni kungekuwa na mkutano wa kijiji wa kuamua kama ghuba iendelee kufungwa au ifunguliwe. Mvuvi mmoja mkubwa wa nyavu za kutega alikuwa amezunguka nyumba kwa nyumba akisema kwamba ghuba haina samaki, kwamba yeye ametupa ndoana kando ya mpaka siku tatu na hakuna kilichogusa chambo.

"Na ni kweli," mama akasema. "Kuhe akiwa analea, hali chochote. Unaweza kumwekea chambo mdomoni. Sasa utamwonyeshaje mtu samaki ambaye hashiki ndoana, na nyavu haziruhusiwi kuingia? Mimi najua wapo. Wiki iliyopita maji yalitulia nikaona kivuli. Wakifungua leo, kesho asubuhi nyavu zinaingia na kuwakuta na watoto. Itakuwa imekwisha. Hakuna atakayekubali kufunga mara ya tatu."

Nikaliomba lile beseni.

Nadhani alinipa kwa kuwa hakuwa na la kupoteza. Nililigeuza nikaona mara moja. Alikuwa ameweka kioo ndani ya beseni, kikikalia ukingo wa tundu kwa juu. Ukilisukuma beseni majini, maji yanakisukuma kioo kwenda juu, yanakibandua. Kioo kinatakiwa kuwa nje, chini ya kitako. Hapo maji yenyewe ndiyo yanayokibana, na kadiri unavyolisukuma ndivyo yanavyozidi kubana. Nikamweleza. Akasukuma kiganja kimoja juu ya kingine, kisha akakubali kwa kichwa.

"Wewe umesoma wapi?"

"Sijasoma."

"Ndiyo maana umeelewa upesi," akasema, akanishikia begi.

Nilimwomba nahodha petroli kidogo kwenye kitambaa, nikafuta lami. Silikoni haipendi plastiki ya beseni, inateleza, hivyo nikaukwangua ukingo kwa kisu mpaka ukawa na manyoya. Nikavuta silikoni duara zima, kwa unene wa kidole, nikakibandika kioo kwa nje. Harufu yake kali ya siki ikaenea, na mama mmoja wa asili ya Burundi aliyekuwa na gunia la maharage akauliza nani amefungua achari. Mabaharia walikuwa na tyubu kuukuu ya baiskeli. Nikaikata vipande virefu, nikavipitisha chini ya kioo msalaba kwa msalaba karibu na kingo, nikavifunga kwenye midomo ya beseni. Baadaye nikaliweka juu ya matenga lipate jua na upepo. Silikoni hutaka siku nzima kukomaa. Tulikuwa na saa nne.

Nilikaa nikiiangalia nchi kavu ikipita. Vilima vilivyo wazi, mihogo iliyopandwa mpaka kwenye ncha, makorongo mekundu. Halafu ghafla Gombe, msitu umeshuka mpaka kwenye mawe ya ufukweni. Halafu tena vilima wazi. Nikawa namuuliza mama maswali kuhusu kila kitu ninachokiona, naye akawa anajibu, na hivyo ndivyo hatukuona hatari ilipotoka. Upepo uliongezeka, mawimbi yakaanza kuingia ubavuni, na baharia akataka chombo cha kukumbia maji. Akanyoosha mkono akachukua beseni lililokuwa karibu.

Sijawahi kupiga kelele namna ile. Mama naye alipiga, na mwenye maharage akapiga bila kujua kisa. Baharia aliganda, beseni likiwa limening'inia juu ya maji yaliyochanganyika na petroli sakafuni.

"Kwani lina nini?"

"Ni jicho!" tukasema wote wawili.

"Haya, chukueni jicho lenu. Boti ikizama mtatazamia samaki vizuri kabisa."

Akakumba maji kwa sufuria ya mtu mwingine. Mimi nililishika beseni mapajani njia yote iliyobaki, tulipita Mwamgongo abiria wengi wakashuka, na kila dakika kumi mama alikuwa ananiuliza kama limekauka, na kila mara nilimwambia asiliguse.

Tulifika saa kumi kasoro. Mkutano ulikuwa umeshajikusanya mwaloni, watu wamekaa kwenye mitumbwi iliyopinduliwa na kwenye kingo za vichanja vya dagaa. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa na meza na daftari. Mama alinipitisha mbele akiwa amenishika mkono, na kila tuliyempita alimsalimia huku watu wakilitazama beseni.

Yule mvuvi wa nyavu ndiye aliyeanza kusema. Nilitegemea kumchukia nikashindwa. Alikuwa mtu mrefu wa makamo mwenye kofia ya sufu na sauti ya kuchekesha, na aliyoyasema yalikuwa na akili.

"Ndugu zangu, sikatai kulinda. Lakini ghuba ni yetu wote. Kitu cha wote ambacho hakuna anayekigusa, hicho ni cha nani? Mimi nachoma petroli kwenda kutega kwa wenzetu, nafukuzwa kama mbwa, narudi. Na hapa nyumbani maji yamekaa bure. Nimeweka ndoana siku tatu kando ya maboya ya mpaka. Chambo kimerudi kama kilivyokwenda. Kama kuna samaki, basi ni wa kufunga Ramadhani na Kwaresima kwa pamoja."

Watu walicheka, na nilivyoona wengi walikuwa upande wake. Mwenyekiti akampa mama nafasi. Nilidhani atahutubia. Alisimama, akainua beseni juu ya kichwa chake.

"Mimi sina maneno. Njooni mtazame."

"Mama ameleta televisheni!" mtu akapaza sauti.

"Tuwekee mpira!"

"Mwenye rimoti ni nani, yule binti?"

Mwenyekiti akagonga meza, akasema wazo si baya. Ikasukumwa majini mitumbwi mitatu. Kwenye wa kwanza tukaingia mimi, mama, mwenyekiti, mvuvi wa kofia na mpiga kasia. Ufuko wote ulitembea kutufuata hadi kwenye mawe ya ghuba, watu wakapanda juu ya mawe wakasimama huko.

Upepo ulikuwa bado unavuma, uso wa maji umekunjamana, huoni hata mkono wako ukiuzamisha. Niliogopa. Sikuogopa samaki kukosekana, niliogopa silikoni. Nilishusha beseni taratibu, nikalisukuma, nikainama. Tone moja likajitokeza pembeni, likateleza kwenye kioo. Nikasubiri la pili, halikuja. Na chini yangu ziwa lilikuwa limefunguka: mchanga mweupe, mawe, kila punje, kina cha watu wawili, wazi kabisa.

"Linaona," nikasema. Sauti yangu ilitoka ndogo.

Mwenyekiti akataka kuwa wa kwanza, ni haki yake. Akainama, tumbo juu ya ubao, akatazama muda mrefu.

"Naona mchanga," akatangaza. Watu juu ya mawe wakasubiri. "Mchanga mzuri sana."

Kicheko kilichotoka hapo kilirudi mara mbili kutoka kwenye kilima. Mvuvi wa kofia alipiga makofi. "Tufunge ghuba kulinda mchanga! Wasiuchukue wajenzi!" Nilimwona mama amekaza taya, na vidole vyake vikichezea pindo la kitenge.

Akamwambia mpiga kasia atusogeze kwenye jiwe lenye mfano wa kitanda. Huko akaomba kasia zitolewe majini, mtumbwi uachwe uelee wenyewe. Akachukua beseni, akalala juu ya ubavu wa mtumbwi, akatulia. Juu ya mawe kelele zilipungua, kwa kuwa watu walimwona ameacha kujisogeza. Akainua mkono mmoja, bila kuinua kichwa, akaubakiza juu.

Mwenyekiti akajisogeza. Mama akasema, "Wewe subiri. Njoo wewe," na mkono ule ukamwita mvuvi wa kofia.

Alikuja akitabasamu. Alivua kofia, akampa mpiga kasia, akachungulia. Tabasamu sikuliona tena kwa kuwa uso ulikuwa ndani ya beseni. Niliona mgongo. Mgongo ule ulikaa bila kutikisika hadi watu wakaanza kupiga kelele.

"Mzee, umelala?"

"Mvuteni huyo, atazama!"

"Shemeji, kuna nini huko?"

Alipoinua kichwa, paji lake lilikuwa na alama ya duara ya mdomo wa beseni. "Wananitazama," akasema.

Nikaomba nami nione. Sijui kama naweza kuandika nilichokiona. Walikuwa wawili, kila mmoja mrefu kama mkono wangu tangu begani, manjano ya ndizi iliyoiva, na madoa meusi ubavuni. Chini yao lilikuwepo wingu. Kila punje ya wingu ilikuwa samaki asiyezidi urefu wa punje ya mchele, na wote waligeuka pamoja walipogeuka wakubwa. Kisamaki kimoja chenye mistari kikajifanya kinapita njia, na kuhe mmoja alikirukia kwa kasi ambayo ilinifanya nirudishe kichwa. Kisha akarudi mahali pake, akainua jicho. Kweli, alikuwa ananitazama.

Baada yangu ikawa vurugu. Mwenyekiti akatazama, akasema kwa sauti ya kikao kwamba anathibitisha. Mitumbwi mingine ikasogea, beseni likapita mkono kwa mkono, watu waliovua ziwa lile tangu wapate akili walikuwa wakiinama na kuinuka wakitukana kwa furaha. Mzee mmoja alisema amekula kuhe maisha yake yote na hajawahi kumwona akiwa na kazi. Juu ya mawe wanawake wakaanza vigelegele kabla hata ya kutazama, na baadaye wakateremka wakadai zamu yao, sketi zimefungwa magotini.

Mvuvi wa kofia hakuwa anacheka. Alikuwa amekaa nyuma ya mtumbwi akiangalia nje ya maboya, kwenye jiwe kubwa jeusi.

"Tusogee pale," akasema.

"Pale ni nje ya mpaka," mwenyekiti akamwambia.

"Najua ni nje ya mpaka. Ndipo nilipoweka ndoana."

Tukaenda. Safari hii alilishika beseni mwenyewe, na mwenyewe akamwelekeza mpiga kasia kushoto, kulia, polepole. Akatazama. Akaanza kutikisa kichwa ndani ya beseni, tukasikia sauti yake ikivuma kama iko kisimani. "Jozi ya kwanza hii. Nyingine hii hapa. Siku tatu! Siku tatu nimekaa juu ya vichwa vyao na mnyoo wangu, na wao wanaushangaa!"

"Nilikwambia hawali," mama akasema.

"Uliniambia. Nikasema ni maneno ya wanawake wa dagaa."

"Na sasa?"

"Sasa mama usinimalize mbele za watu."

Tuliporudi mwaloni jua lilikuwa limeshuka karibu na milima ya Kongo, na mkutano ukaendelea watu wakiwa wamelowa. Mwenyekiti aliuliza kama kuna hoja. Mvuvi wa kofia akasimama, na kelele zikaanza, "Kaa chini! Umeshaona televisheni!" Aliacha ziishe.

"Nina hoja," akasema. "Maboya yako mahali pabaya. Jiwe jeusi liko nje, na samaki wako pale. Nyavu za watu zitawachukua, na za kwanza zitakuwa zangu, nawaambia ukweli. Yasogezwe. Na iandikwe vizuri safari hii, katibu: giza na mbalamwezi. Tusije tukaandika tena mambo ya ajabu."

"Mkono wako pia uliinuka mwaka ule!" mtu akamkumbusha.

"Na wa kwako ulikuwa wapi, mfukoni?"

Wakapiga kura kwa mikono. Nimeona mikutano mingi ya vijiji kwa kutangatanga kwangu, na kawaida mikono huinuka nusu nusu, mtu akitazama jirani yake kwanza. Hii iliinuka kwa pamoja. Katibu alihesabu, akapoteza hesabu, akahesabu tena. Waliokataa walikuwa wachache na mmoja wao alishusha mkono katikati akidai alikuwa anajikuna. Ghuba ikabaki imefungwa, kubwa kuliko ilivyokuwa asubuhi. Mama aliketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa, akafunika uso kwa kitenge, na mabega yakawa yanatikisika. Nilimkaribia nikidhani analia. Alikuwa anacheka. "Mchanga mzuri sana," alikuwa anasema, "mchanga mzuri sana!"

Halafu ikaja habari yangu. Boti ya kurudi ilikuwa ya asubuhi, na mwenyekiti akauliza mgeni analala wapi. Mama akasema kwake, ingawa nyumba yake ilikuwa na wajukuu watano waliokuja likizo kutoka Kasulu na tungelala kwa kupangwa kama dagaa. Mwenyekiti akasema kuna chumba cha ofisi. Mke wa katibu akasema ofisi ina popo. Wakawa wanashindana juu ya kichwa changu nami nimesimama na begi, na kwa mara ya kwanza kwa siku nyingi sikuwa na haraka ya kujua nini kinafuata.

Aliyemaliza mashindano alikuwa mwanamke mpana mwenye sauti kubwa kuliko ya mwenyekiti, mke wa yule mvuvi wa kofia. "Analala kwangu," akasema. "Nimemsikiliza mume wangu miezi sita akiniambia ghuba haina kitu. Kila mlo, ghuba haina kitu. Huyu binti amenipatia raha. Baba nanihii, chukua begi la mgeni."

Mume akalichukua, na kijiji kikamshangilia hadi nyumbani.

Nyumba ilikuwa ya matofali ya kuchoma, chini ya michikichi mitatu, juu kidogo ya mawe. Nilipewa chumba cha uani kilichokuwa na kitanda cha mbao na ukuta uliopakwa udongo mwekundu. Nilikula ugali wa muhogo na maharage yenye mawese, nikajibu maswali ya mama mwenye nyumba: nimetoka wapi, nimezaliwa na nani, kwa nini sijaolewa, ile gundi inanukaje vile. Aliniletea maji ya kuoga na shuka lililokunjwa vizuri.

Mwanga wa jioni ulikuwa bado haujaisha nilipomsikia mwenye nyumba akikohoa mlangoni. Alikuwa amesimama na godoro begani, kofia imerudi kichwani. Alilitandika mwenyewe, akalipiga kwa kiganja kutoa vumbi, akaangalia nyuma kama mkewe yuko karibu.

"Binti," akasema kwa sauti ya chini, "ile boti yako ya asubuhi."

"Ndiyo, baba."

"Iache iende. Kukipambazuka maji yanakuwa yametulia. Nataka tutoke kabla watu hawajaamka. Wewe utashika kasia. Nataka nitazame tena, bila watu kunipigia kelele."

Nikamwambia sijui kupiga kasia.

"Nitakufundisha," akasema, akatoka.

Niliweka begi chini ya kitanda, nikavua viatu.